Mkola wa Nyuma ya Ghala

Mgbafo si mtu wa maneno mengi, na mimi watu wa namna hiyo siwaamini. Anayesema sana utazijua kasoro zake kabla jua halijapanda. Huyu nimeishi naye uwanja mmoja zaidi ya miaka ishirini, mimi mke mkubwa na yeye mke mdogo, jiwe letu la kusagia pilipili ni moja, na ukiniuliza leo anapenda nini nitakuambia anapenda kola. Zaidi ya hapo sijui.

Kola ndiyo iliyomlisha. Sisi wanawake hatuupandi mkola, mti wa kola, wala hatuuchumi. Hupanda mwanamume, na mwanamke husubiri chini na kikapu chake. Mgbafo akiteremshiwa maganda huyapasua, huzitoa punje zikiwa bado na ngozi yao nyeupe, huziloweka mpaka ngozi ilainike na kuchubuka, huziosha, kisha huzipanga kwenye kikapu alichokitandika majani mabichi. Kila siku ya nne, soko la Afo likirudi, huzifunua zote na kuzigeuza moja moja akitafuta tundu la fukusi. Kola za wanawake wengine fukusi huzimaliza kwa mwezi. Zake zilikuwa zikifika msimu wa pili, nyekundu na ngumu, na wazee wakitaka kola ya posa au ya kupatanisha watu walimjia yeye. Nilisema ana dawa. Nilimchungulia miezi, sikuona dawa yoyote, na hapo ndipo shaka yangu ilipozidi.

Mume wetu, Okwuosa, aliacha mikola mitano iliyopandwa na babu yake. Mkola si mti wa mtu mwenye haraka. Unauweka kivulini, unaupalilia, unaungoja miaka saba, minane, wakati mwingine kumi, na wapo wanaosema aliyeupanda hafi mpaka uzae, ukizaa na yeye ndiyo basi. Ule wa mlangoni ulikuwa bora kuliko yote: kola zake zilipasuka vipande vinne, mara vitano, za kumpa mgeni yeyote na za kuwaitia wahenga. Wa mwisho ulikuwa nyuma ya ghala la viazi vikuu, umepinda, na kola zake vipande viwili tu. Hiyo humpasulii mgeni. Ni ya kutafuna shambani usingizi usikuchukue, na gome la mti ule nilikuwa nawachemshia wanangu wakiharisha.

Mgbafo alizaa mtoto wa kiume, Onyekwelu. Mimi wakati ule nilikuwa na mabinti wanne. Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa chini ya mti, na mti ule ni wake mpaka afe. Mtu asiye na mti wa kitovu, watu watamuuliza ametoka wapi. Okwuosa alimpa mwanawe mkola wa mlangoni, na kijiji kizima kikauita mkola wa Onyekwelu.

Vikaja vita na njaa yake. Mtoto alivimba miguu na tumbo, nywele zikawa kama nyuzi za mahindi. Mgbafo alimbeba mgongoni mpaka kituo cha masista walikokuwa wakilisha watoto, na masista wakampandisha ndege ya usiku kwenda Gabon pamoja na wengine. Alikuwa na miaka sita. Vita vikaisha, watoto wakarudishwa kwa makundi, Mgbafo akaenda kusimama kila kundi likishuka. Wa kwake hakuwemo. Aliporudi mara ya mwisho alichukua ufagio akafagia chini ya mkola wa mlangoni, na tangu siku hiyo akawa anafagia hapo kila Afo. Okwuosa alikuwa amekwisha kufa. Mwanangu Ifeka, niliyemzaa miaka miwili baada ya Onyekwelu, akawa mkubwa wa nyumba, na alipokua kidogo akakaa kwenye kigoda cha baba yake, na wageni wakija yeye ndiye aliyepasua kola.

Miaka minane baada ya vita alikuja kijana mmoja akisema yeye ndiye Onyekwelu. Mgbafo akamchinjia, akamlisha miezi miwili, akamfulia. Siku moja tukaamka kijana hayupo na baiskeli ya marehemu haipo. Mgbafo hakulia mbele yetu. Alikwenda kugeuza kola zake. Basi aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi sote tulikuwa tumeumwa.

Kwa hiyo alipokuja wa pili, mwaka wa kumi na mbili tangu ile ndege, nilimpokea kwa macho makali. Alikuwa mrefu, suruali imepigwa pasi, mkononi ana karatasi ya masista yenye jina la Paskali, walilompa huko, na jina la kijiji chetu. Kiigbo chake kilikuwa kama cha mtoto mdogo, maneno ya kuomba maji na kusema nimeshiba. Yaliyobaki yalikuwa Kifaransa.

"Nimekuja kwa mama," alisema.

"Mama yako ni yupi hapa?" nikamuuliza.

Tulikuwa wanawake watatu uwanjani: mimi, Mgbafo, na binti yangu Ugoye aliyekuja kutusalimia. Kijana akatutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu mno.

"Sijui," akasema. "Alikuwa ananuka kola."

Ugoye akacheka. "Kijiji hiki, kaka, hata mbuzi wananuka kola."

Mgbafo alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Hakumkimbilia. Alisema tu, "Vua shati." Kijana akavua. Mgongoni palikuwa na makovu ya tambazi na ya kuungua, moja juu ya jingine, hata kama palikuwa na alama ya kuzaliwa isingeonekana. Mgbafo akamzunguka mara mbili, akamwambia avae, akaingia jikoni. Alimpa chakula kama anavyopewa mgeni yeyote.

Kaka wa marehemu, Odukwe, mzee wa ukoo, alikuja jioni ile ile. Ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na akikasirika hujikuna kisogo. "Shemeji," akaniambia, "unaonaje?"

"Naona suruali iliyopigwa pasi. Mtu anayetafuta mama miaka kumi na miwili anapata wapi pasi?"

"Na wewe Mgbafo?"

"Sijui, mzee," akasema Mgbafo. "Nikimtazama usoni namwona. Yule wa baiskeli naye nilimwona hivi hivi."

Niseme ukweli wangu hapa, kwa sababu mtanisema hata nisiposema. Sikumpinga kijana kwa ajili ya Mgbafo. Kama ndiye, basi Ifeka wangu anashuka kwenye kigoda. Ardhi, ghala, mikola, haki ya kupasua kola mbele ya watu, vyote vinarudi kwa mkubwa. Nilimfuata yule kijana kila alikokwenda. Alipokwenda kuoga mtoni nilikuwa na nguo za kufua. Alipozungumza na jirani nilikuwa na moto wa kuomba. Nilitaka nimkamate akiuliza habari, maana mwongo lazima aulize. Siku nane nzima hakumuuliza mtu kitu. Nikasema, huyu amefundishwa vizuri kuliko yule wa kwanza.

Siku ya nane Ifeka akaniambia, "Mama, kama ni yeye?"

"Si yeye."

"Umejuaje?"

"Kula chakula chako."

Odukwe akaamua. Siku ya Afo inayofuata, asubuhi, kijana atasimama katikati ya uwanja mbele ya ukoo na atatupeleka kwenye mti wa kitovu chake. Akiujua, ni wetu. Asipoujua, aondoke kabla ya soko kufungwa na asirudi, na Mgbafo asimpe hata maji ya njiani.

Nilikataa. "Shemeji, hilo si jaribio. Mkola wa Onyekwelu anaujua hata kipofu wa kijiji cha pili. Mama yake anaufagia mchana kweupe. Mwizi gani atashindwa?"

Odukwe akajikuna kisogo. "Una jaribio bora, lete."

Usemi wangu ulizunguka kijijini, na watu wakaona nina akili. Hata Mgbafo aliniambia, "Mama Ugoye, umesema kweli. Akienda mlangoni bado sitajua." Aliniambia hivyo akiwa ameketi na kikapu chake, na mikono yake ilikuwa haigeuzi kitu.

Asubuhi hiyo wakaja wanaume kama ishirini, na wanawake wakajipanga ukutani. Odukwe akamweka kijana katikati. Akamwambia polepole, kama unavyosema na mtoto, "Kitovu chako. Kilizikwa. Tupeleke."

Kijana akageuka kulia, akaelekea mlangoni. Nikasikia watu wakiguna. Alifika kwenye mkola wenyewe, ardhi yake imefagiliwa safi, akaugusa kwa kiganja. Kisha akaupita. Akafuata ukuta, akaruka mfereji wa maji ya mvua, akazunguka ghala la viazi vikuu. Tukamfuata sote tukisukumana. Tulimkuta amesimama mbele ya ule mkola uliopinda, wa vipande viwili, magugu yamemfika magotini.

"Huu," akasema.

Wakacheka kwanza wanaume, halafu wanawake. Mmoja akasema, "Huyu mwalimu wake alikuwa mlevi." Mwingine akasema, "Afadhali yule wa baiskeli, angalau alikuwa na akili." Odukwe hakucheka. "Kijana," akasema, "nani alikuambia ni huu?"

Kijana akatafuta maneno. "Mwanamke. Alinishika sikio. Akanivuta mpaka hapa. Akasema, ule wa mlangoni si wako. Wako ni huu. Ukimwambia mama, nakukata ulimi." Akajishika sikio la kushoto. "Sikumwambia mama."

"Mwanamke gani?"

Akatutazama tena, uso kwa uso. Macho yake yalipita kwangu yakaenda kwa Ugoye, yakaenda kwa jirani. "Simkumbuki," akasema.

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemshika sikio lile.

Mgbafo alipojifungua alishikwa na homa, hakuweza kusimama. Kitovu kilipokatika Okwuosa alinipa mimi, kimefungwa kwenye jani, akasema, kizike mlangoni. Mlangoni. Nilikuwa nimeomba mti ule kwa ajili ya binti zangu mara nne, na mara nne aliniambia, msichana ataolewa aende zake, mti ubaki wa nani? Nikatoka na jani langu. Hakuna aliyenitazama. Nikapita mlangoni, nikaenda nyuma ya ghala, nikachimba kwa kisu cha jikoni, nikakizika chini ya mti mbovu. Nikarudi nikasema tayari. Mwanamke mwenye mimba ya hasira hajui anachozaa, na mimi nilifurahi siku ile, nasema wazi, nilifurahi. Miaka mitano baadaye yule mtoto akamfukuza Ugoye kwenye kola zilizodondoka mlangoni, akisema, mti wangu, usiguse. Hapo ndipo nilipomvuta sikio.

Dunia nzima ingemfundisha kijana mwongo kwenda mlangoni. Hakuna wa kumleta hapa ila mimi, na mimi sikumleta tena. Kumbe ndiye. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala langu na ushahidi wote wa kijiji uko mdomoni mwangu peke yangu.

Odukwe akasema, "Basi. Mpeni mzigo wake."

Nilimtazama Mgbafo. Alikuwa amekishika kitambaa chake cha kichwa, amekivua, anakikunja. Alikuwa anakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga safari. Kijana akamwambia, "Mama?" Yeye akatikisa kichwa, akageuka kuelekea jikoni. Nilimwona Ifeka naye. Alikuwa anapumua, mwanangu, kama aliyetua mzigo.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyekuwa ananitazama, kama siku ile ya jani. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo, na si wema, msinipe wema nisiokuwa nao. Nadhani ni kile kitambaa.

"Shemeji, ngoja," nikasema. "Ni yeye. Kitovu kipo hapo. Nilikizika mimi."

Odukwe akaniuliza mara tatu, na mara tatu nikajibu. Akanifanya nishike udongo wa chini ya mti ule na kuapa kwa ardhi, ambayo kwetu haidanganywi. Niliapa. Nikaeleza kuhusu homa, kuhusu jani, kuhusu sikio. Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakitema mate pembeni. Kijana alikuwa haelewi nusu ya tuliyosema. Alielewa tu kwamba Odukwe amemshika mkono na kumwita mwanangu.

Mgbafo alirudi kutoka jikoni. Alimshika kijana usoni kwa mikono miwili, akamnusa shingoni kama wanavyonuswa watoto wachanga, akapiga magoti pale pale kwenye magugu. Sauti iliyomtoka sijaisikia kwa mtu mwingine. Mimi hakunitazama.

Odukwe akahukumu kwamba Onyekwelu ana mikola miwili, ule aliopewa na baba yake na ule aliopewa na mkono wangu. Ifeka akatoka kwenye kigoda siku ile ile. Hakunigombeza mbele za watu. Usiku alipokuja kuchukua godoro lake alisema, "Ungenyamaza tu, Mama. Miaka kumi na minane ulinyamaza." Akaenda Onitsha kwa mjomba wake, na barua zake huandika kwa Ugoye.

Onyekwelu sasa anapasua kola. Kiigbo kimemrudia, ana mke, na ananiita mama mkubwa kwa heshima zote. Amepanda mikola mingine sita kando ya njia, ameitengenezea kivuli cha migomba. Sina neno naye.

Neno langu liko kwa Mgbafo. Mwezi mzima hatukusemezana. Kisha akaugua mgongo, hakuweza kusimama jikoni, nikampikia mchuzi wa majani machungu na viazi vikuu vya kutwanga. Nikampelekea. Amekula chakula changu miaka yote, nami chake, hatujawahi kuulizana. Akautazama mchuzi. Akalisogeza bakuli upande wangu.

"Anza wewe," akasema.

Nikamega, nikachovya, nikameza. Alinitazama koo. Alisubiri, akahesabu pumzi zangu, ndipo akanyoosha mkono. Alikula kidogo, akaacha.

"Mama Ugoye," akasema, "homa ile ya uzazi. Uji nilikuwa nanywa wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Uji mtupu, na pilipili."

"Na wale wawili?"

Baada ya Onyekwelu alizaa mara mbili, mvulana na msichana, na wote walikufa kabla ya kukaa. Nilikuwa nimewaogesha mimi. Nilikuwa nimewaimbia. Yule msichana nililia mpaka Okwuosa akanikemea.

"Sikuwagusa," nikamwambia. "Naapa kwa ardhi, Mgbafo. Kitovu nilifanya, hicho tu. Wale sikuwagusa."

Aliniangalia muda mrefu, kwa macho yale yale anayotafutia fukusi. Akasema, "Haya." Akajilaza akageukia ukutani.

Nimesema kweli, na sina wa kunishuhudia. Nikimpelekea chakula mpaka leo, hatii mkono mpaka nimeze.